Bei ya Mjane

Ramla alipouliza bei ya makemba, Philomène hakutaja bei. Alinyanyua kichane kikubwa kuliko vyote, ndizi za kijani zilizokaza, akakitia mwenyewe kwenye kikapu, kisha akamshika Ramla mikono yote miwili.

"Kamata tu, mama. Pole sana. Papa Mahmoudi alikuwa mutu muzuri."

Ramla alishukuru, maana aliyelelewa vizuri hushukuru hata akipewa asichokitaka. Lakini alivunjika moyo. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akigombana na mwanamke huyu kila Jumamosi. Philomène alimwita mnyonyaji, naye alimwita mwizi, na kila mmoja alirudi kwake ameridhika. Leo hawakubishania hata faranga moja.

"Unaona?" alisema wifi yake Kadidja, aliyekuwa amembebea kikapu. "Watu wanakupenda."

Eda ilikuwa imekwisha jana. Miezi minne na siku kumi Ramla alikaa ndani, amevaa nyeupe, hana manukato wala wanja, na Kadidja alihama kwake akaja kukaa naye. Kadidja hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa balaa. Mtu mbaya utamfukuza. Huyu aliamka kabla ya jogoo akamchemshia chai, akampapasa mgongo alipolia, akafunga mlango kwa upole mkubwa. Ramla alimlilia Mahmoudi, mumewe, kwa haki. Walipendana. Lakini ilipofika mwezi wa tatu aligundua, kwa aibu ambayo hakumwambia mtu, kwamba wakati mwingine alikuwa akililia soko.

Nyumba yao ilikuwa kando ya njia ya kuelekea soko kuu la Makiso. Kila Jumamosi alisikia kengele za toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, na sauti za wanawake wakirudi na mabeseni kichwani, na harufu ya samaki wa moshi ilipita dirishani kama mgeni asiyegonga hodi. Alikula alicholetewa. Aliletewa nyanya laini na uyoga wenye funza, akanyamaza. Usiku alijikuta akibishana bei na dari.

Alfajiri ya leo, walipokuwa wakinywa chai, Kadidja alikuwa ametoa uamuzi wa ukoo. "Leo uende, uwasalimie, uwaage. Kuanzia juma ijayo mambo ya soko ni yangu. Weye utakaa, utapumzika. Ulishateseka sana."

"Nitapumzika mpaka lini?"

"Haa, wifi. Mpaka Mungu apende."

Ramla aliinuka. Alifunga kitenge chake cha njano, cha kwanza chenye rangi baada ya siku mia na thelathini, akaapa kimoyomoyo kwamba kikapu cha leo atakijaza kwa ulimi wake mwenyewe. Akirudi na kitu alichokipigania, atakuwa na la kuwaambia wakubwa wa ukoo. Akirudi na sadaka, wataitazama na kusema: si tulisema?

Na soko, kana kwamba linamkejeli, lilikuwa limependeza kupita kiasi. Pilipili nyekundu zilirundikwa kwenye sahani za bati, mawese yalimeremeta kwenye chupa, matunda ya safu, yenye rangi ya zambarau, yalipangwa tanotano juu ya majani, mbinzo, viwavi wa kuliwa, walijisokota wakiwa hai katika beseni huku wateja wakiwapapasa kuona unene wao. Wanawake wawili walitwanga pondu, majani ya muhogo, kwa zamu kwenye kinu kimoja, na rangi yake ya kijani ilikuwa imewarukia mpaka kwenye nyusi. Ramla alivuta pumzi kwa pua na kinywa. Alitaka vyote. Zaidi ya vyote, alitaka mtu wa kumwambia kwamba vyote ni ghali.

Kwa Papa Bavon, muuza samaki, alijaribu kuwahi. Hata hajasalimiwa alisema, "Samaki hawa wamekauka kama viatu. Nitakupa nusu."

Papa Bavon, ambaye zamani angeapa kwa jina la mama yake, alivua kofia. "Nusu ya nini, mama? Kwako leo hakuna bei." Akafunga samaki watatu kwenye jani, akaongeza wa nne.

Kutoa ni moyo, walisema wahenga, lakini hawakutuambia moyo wa kupokea huuzwa wapi. Kikapu kilizidi kuwa kizito na Ramla akazidi kuwa mwepesi, mpaka akahisi kwamba Kadidja asingemshika kiwiko angepeperuka. Alifikiri juu ya Mahmoudi, ambaye kila Jumamosi alisimamisha cherehani yake ili aulize, "Leo umemushinda nani?" Sasa hakuna wa kuuliza, na hata angekuwapo, jibu ni kwamba hakumshinda mtu. Wote walijisalimisha kabla ya vita. 

Karibu na ukuta wa mwisho alikuwa ameketi mwanamke mgeni, kijana, aliyefika asubuhi hiyo kwa mtumbwi kutoka upande wa Yangambi. Mbele yake palikuwa na uyoga wa porini, mayebo meupe makubwa, bado yana udongo. Kadidja alikuwa amebaki nyuma akisalimiana na jirani. Ramla aliinama.

"Fungu hii ngapi?"

"Elfu tano."

"Elfu tano? Weye uliyapanda? Si yaliota yenyewe?"

"Na mamba niliowakwepa njiani, nao waliota wenyewe?" alisema mwanamke, bila kumtazama. "Kama hauna makuta, usiguseguse. Unayavunja."

Ramla alisikia damu ikimrudi mpaka kwenye ncha za vidole. "Elfu mbili, na hapo nakuonea huruma."

"Huruma peleka kanisani. Elfu ine na mia tano."

"Mbili na mia tano. Hili lina funza."

"Funza iko wapi? Onyesha."

Alikuwa akiligeuza ili aonyeshe, ameshajua kwamba hakuna funza, wakati mkono wa Kadidja ulipomfikia kiwikoni.

"Mudogo wangu," Kadidja alimwambia muuzaji kwa sauti ya chini, sauti ya msibani, "muhurumie huyu. Ni mjane. Ametoka edani jana."

Uso wa mwanamke ulilegea. Ukali wote uliyeyuka, na macho yake yakawa yale yale ya Philomène. "Ah. Pole, mama. Sikujua. Basi, utoe elfu moja. Ao ukamate tu."

Ramla alirudisha uyoga kwenye fungu, taratibu, asiuvunje. Alitoa kiwiko chake mkononi mwa wifi yake.

"Ulisema elfu tano," alimwambia muuzaji.

"Ndiyo, lakini, mama—"

"Ulikuwa unaniibia muzuri. Endelea."

"Wifi," Kadidja alisema, "twende nyumbani. Umechoka."

"Sijachoka. Bado sijamalizana naye."

Muuzaji aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Alikunja kanga magotini, akafuta udongo viganjani, na kitu fulani kikajikaza tena kwenye taya lake.

"Bon," alisema. "Sasa ni elfu sita. Juu ya matusi uliyotukana mayebo yangu."

"Elfu sita? Basi kula mwenyewe," alisema Ramla, akageuka, akaondoka.

Kila mteja wa kweli anajua mwendo huo. Ukienda mbio, umesusa. Ukienda polepole, umeshindwa. Ramla alitembea katikati, kichwa juu, kitenge cha njano kikimpiga visigino, na nyuma yake hapakuwa na hatua za Kadidja. Alipita pilipili. Alipita yale matunda ya safu. Kwa mara ya kwanza katika siku mia na thelathini na moja hapakuwa na mkono juu yake, na alishangaa jinsi kiwiko kilivyosikia baridi. Aliogopa. Huenda asiitwe. Huenda yule mwanamke anamtazama kwa huruma, na fungu limeshatiwa kikapuni.

"Weye!" sauti kali ilipasua kelele za soko. "Weye mama mushenzi wa kitenge ya manjano! Unaenda wapi? Rudia hapa, tuongee!"

Ramla alitabasamu, akaendelea hatua mbili zaidi.