Uso na Kisogo

…na si kweli, hata kidogo si kweli, siku ile ya kuteleza kwenye theluji nyuma ya kaka yao Rashad alikaa yeye, Insaf, wala hakukaa Khudr, Khudr alibaki juu mlimani anatetemeka huku makamasi yanamshuka, ukoo mzima unajua hivyo, na sasa msikie, katoka Sidni juzi tu na koti lake la bei, kakaa sebuleni karibu na jiko la kuni, anamjaza mjukuu wake mambo yasiyokuwa, na Insaf hawezi hata kwenda kumsahihisha kwa sababu mkate uko motoni, na mkate wa saji haumsubiri mtu, ukigeuza shingo tu umekwisha kukauka kama ngozi ya ngoma… akaubandua kwa ncha za vidole, akaukunja, akaufunika kwa kitambaa, akachukua donge jingine. Sauti ya kaka yake ilipenya mlango ulioachwa wazi kidogo, nzito, yenye furaha, sauti ya mtu aliyeshiba. "Siyo sufuria, we mtoto! Saji. Lile lile analopikia bibi yako Insaf hapo nyuma. Ukiliangalia hivi ni mgongo wa kobe, lakini ukilipindua umepata sahani kubwa ya chuma, na ndani ya sahani unakaa wewe." Na Lamar, ambaye hajawahi kuiona theluji mpaka wiki hii, "Yaani mnapikia mkate, halafu mnalikalia kwa matako?" Khudr akacheka mpaka akakohoa. "Tulikalia, ndiyo. Na mkate ulinoga zaidi."

Hilo angalau kasema kweli, walikalia, na kabla ya saji walikalia kila kitu, gunia la mbolea lililojazwa majani makavu, ambalo lilikuwa zuri ila likilowa halisogei, beseni la kufulia la mama lililopasuka ukingo, debe la samli alilolipasua Rashad kwa nyundo ya baba akalikunjua likawa bapa, hilo ndilo lililomkata Khudr paja, alama anayo mpaka leo, na baba akasema basi, asiwaone tena na bati… kwa hiyo ndiyo wakaja kwenye saji, maana saji halina ncha, lina duara tu, Rashad alisema, kitu cha duara hakiwezi kumkata mtu. Mambo haya Insaf anayo yote. Yeye ndiye anayeulizwa. Mtu akitaka kujua baba alinunua lini shamba la mitufaha, au nani alilala chumba cha uani siku ya harusi ya shangazi, wanampigia simu yeye, na yeye hasemi kitu asichokuwa na hakika nacho, bora aseme sijui, na hili la saji ana hakika nalo, ulikuwa msimu ule paa la shule lilipoporomoka kwa uzito wa theluji na watoto wakapewa likizo ambayo hakuna aliyeiomba, mama alikwenda kumpa mkono wa rambirambi jirani wa bondeni, na Rashad akafungua mtungi wa nyama ya akiba, ile ya kondoo iliyogandishwa ndani ya mafuta yake, akachota mafuta kiganja kizima, akalipaka saji mgongoni mpaka likang'aa, yeye Insaf anaisikia harufu ile hata sasa, moshi wa zamani na mafuta ya kondoo, anausikia ubaridi wa chuma ukipenya suruali ya sufu, vipi basi aambiwe hakupanda?

"Rashad mbele," Khudr alikuwa anasema, "mimi nyuma, nimemkumbatia kiunoni hivi. Tukasukumwa na nani? Na Mungu." "Na Bibi Insaf?" "Insaf? Kijitoto hiki! Tulimwacha chini, kwenye ukuta wa mawe, pale penye mti wa mforsadi. Tulimpa gunia alitandaze atuzuie tusigonge." "Akawazuia?" "We! Tulipita kama risasi, gunia huku, yeye kule, na sisi ukutani, paa!" Lamar akapiga makofi.

Insaf akalirusha donge kutoka kiganja hadi kiganja, likatanuka, likawa jepesi kama utaji, akalitandaza juu ya mto wa kutandazia mkate, akalivuta pembeni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, likachanika, akaliziba, akalibwaga juu ya saji. Gunia! Hakuna gunia. Gunia lilikuwa mwaka wa nyuma yake. Angeweza kusimama mlangoni na kusema, Khudr, umri umekuharibu kichwa, na Khudr angecheka, kwa sababu yeye ana vingi vya kumkumbukia Rashad, ndiyo maana anaweza kuchezea, alilala kitanda kimoja na Rashad mpaka ndevu zikawaota, walipigana, walivuta sigara ya kwanza nyuma ya msikiti, walimpenda msichana mmoja, akichokoa popote anamkuta kaka yake, lakini yeye Insaf aliyezaliwa mwisho ana nini? Ana siku hii moja. Ana mikono yake ikiwa imezunguka kiuno cha kaka yake mkubwa, basi, kisha miaka inapita Rashad anakuwa mtu wa kuingia na kutoka, halafu ile asubuhi ya vita, Rashad kapanda gari kwenda mjini Trablus kumtafutia mama dawa ya presha, na kwenye kizuizi cha barabarani wenye bunduki wakatazama kitambulisho chake wakamwambia shuka, dereva alirudi, dawa hakurudi nazo, na mtu hakurudi naye. Mama, ambaye kama mama wote wa huku alikuwa akiwapakulia chakula anasema "kula, unizike, mwanangu", alizikwa na wakwe na majirani… Walimwita Umm Rashad, yaani Mama Rashad, mpaka siku ya mwisho, dukani, msikitini, barazani, jina la mtu asiyekuwepo likiitwa kutwa nzima. Na picha ni ile moja. Ya kitambulisho. Mama aliipeleka Beirut ikakuzwa, akaibeba kifuani pamoja na wamama wengine wenye picha za wana wao waliopotea, ikakuzwa tena mpaka ikawa vitone, na katika vitone hivyo Rashad hacheki, amekaza midomo kama mtu anayengoja kuambiwa makosa yake, na hiyo ndiyo sura wajukuu wote wanayoijua, Rashad wa ukutani, mkali, mgeni.

Mkate ukaanza kuvimba malengelenge. Akautazama mahali pake, mkono wa kushoto karibu na ukingo, pale kwenye bonyeo ambalo saji lilipata ukutani, ambapo unga haugusi chuma na kwa hiyo hauivi, panabaki doa jeupe kama ukubwa wa yai, kila mkate tangu siku ile, mama alikataa kulipeleka kwa mhunzi ligongwe, mwanzo kwa hasira, baadaye kwa sababu nyingine.

"Na Rashad alikuwa analia!" Khudr akasema. "Eh, shujaa wetu! Nilimshika hivi, mwili mzima unatetemeka, analia kwa woga, mimi nyuma yake najiambia, kama mkubwa analia, basi leo tunakufa."

Analia? Insaf akashika ukingo wa meza. Hapana. Khudr, hapana, hapo sasa umevuka mpaka, hakuwa analia, alikuwa anacheka, mdomo wazi, lile pengo la jino alilovunja kwenye bomba la kisima linaonekana, macho yamefumba nusu kwa theluji, alikuwa anacheka mpaka sauti haitoki, mimi nilimwona, nilimwona kama ninavyouona mkate huu, alikuwa anakuja anacheka…

Anakuja.

Akasimama na kile kijiti cha kugeuzia mkononi. Alikuwa anakuja, kuja wapi? Tuanze upya, alijiambia, taratibu, tangu juu. Juu kuna mwamba wenye umbo la ngamia aliyelala, saji liko kwenye ukingo, Rashad anakaa, halafu… hakuna halafu. Akajaribu tena, akatafuta mgongo, sweta, sufu ikimkwaruza shavu, mtu aliyekaa nyuma ya mwenzake lazima awe na mgongo wa mwenzake usoni, saji hata lizunguke vipi, nalo lilizunguka, chombo cha duara hakijui mbele, dunia yote inazunguka lakini mgongo ule haukuachi, unabaki mgongo mpaka chini, na yeye hana mgongo huo. Alichonacho ni mteremko mweupe unaoshuka kumjia, na kitu cheusi kidogo juu yake kinachokua, kinazunguka, uso, kisogo, uso, kisogo, hivyo ndivyo alivyoikumbuka siku ile maisha yake yote, uso wa Rashad unaocheka, kisha kisogo, kisha uso tena ukiwa karibu zaidi, na hakuwahi, yeye mwenye kuhesabu nani alilala chumba gani, kujiuliza amesimama wapi anapoona. Na kisogo kile kina kofia. Ya buluu, ina kifundo cha uzi juu. Mama alimfumia nani kofia ya buluu kwa sababu ya masikio yake yaliyokuwa yanatoka usaha? Khudr. Ee Mola. Khudr.

Ukingo wa mkate ukaanza kuwa mweusi, akaubandua upesi, ukamchoma kidole gumba, akakitia mdomoni. Na chuma je, na ubaridi? Ukaja wenyewe, bila kuitwa, baada ya ukuta, wao wawili wamelala kwenye theluji, mforsadi umewamwagia mzigo wake wote wa theluji, na Rashad anainuka, anamkuta yeye analia kwa hofu, anamwambia, "Nyamaza, kipanya, njoo upande, sasa zamu yako," anamweka ndani ya saji, anafunga kamba ya mbuzi kwenye kishikio, anamvuta kupandisha mlima wote mpaka nyumbani, huku Khudr anachechemea pembeni, na hapo ndipo ulipo mgongo, mgongo wa Rashad umeinama unavuta, ukipanda tu, haukugeuka… mgongo ule ule uliotoka mlangoni asubuhi ya dawa. Na mlangoni mama yuko na kandambili mkononi, amekwisha kuuona mtungi, "Nani kagusa mafuta yangu? Rashad! Leo nakuchuna!" na Rashad anamnyakua yeye kutoka ndani ya saji, anamshika mbele yake kama ngao, "Usipige, mama, Insaf tulikuwa naye, alikaa nyuma yangu, muulize, wala hakulia!" na kandambili ikashuka, mama akamtazama, "Kweli, mwanangu? Hukulia?" naye alitikisa kichwa, hakulia, nani asingekubali kuwa mtoto asiyelia, na tangu hapo kila theluji ilipoanguka mama alisimulia, Insaf wangu alipanda na Rashad wala hakulia, na Rashad alipopotea akasimulia zaidi, na Khudr alikuwa mbali, hakuwepo wa kusema sivyo.

Kwa hiyo hakupanda. Alilisema moyoni, na alingoja liume, likauma, mikono yake ikabanduka kwenye kile kiuno kidole baada ya kidole, na Khudr akakaa pale, na kofia yake ya buluu. Mpe. Pale ni pake. Lakini akishakaa pale, anaona nini? Anaona sufu. Anahisi mwili unatetemeka na hajui kwa nini, amebeba miaka yote hii kaka anayelia. Mama hakuwepo. Baba hakuwepo. Hakukuwa na mpiga picha mlimani. Duniani kote, uso ule unaocheka ukishuka na theluji ulikuwa na mahali pamoja tu pa kuonekana, ukutani, chini ya mforsadi, na pale alikuwa amesimama mtu mmoja, mfupi, pengine hata na gunia mkononi…

"Insaf!" Khudr aliita. "Wee bibi mkate! Njoo umwambie huyu mtoto, anasema nadanganya. Si ulikuwa chini? Sema kweli leo, mama hayupo wa kukutetea!"

Akalitandaza donge juu ya saji, akalilainisha kwa kiganja, kila mahali isipokuwa kwenye bonyeo.

"Nilikuwa chini," alijibu bila kugeuka. "Na hakuwa analia, Khudr. Alikuwa anacheka. Wewe ulikuwa nyuma yake, usingeweza kumwona. Alishuka anacheka mpaka ukutani."

Kutoka sebuleni ikaja sauti ya Khudr, si ile ya kushiba, "Anacheka?" na mkate ulikuwa haujaanza hata kuvimba.