Mbona Hujikuni

Nyundo, fundi wa ukuta, alishuka ngazi akipangusa mikono. Kilichomtisha Mnong'ono ni kwamba fundi hakuwa anajikuna.

"Umeshajaza nafasi yote?"

"Mpaka juu. Laini kama shavu la mtoto."

Mnong'ono, aliyepewa jina hilo na mjomba wake kwa sauti yake ya chini, alisomea ujenzi chuoni. Ndiye aliyelinganisha vizuizi vya joto vya duka hili la mikate la mjomba huyo. Povu gumu linafaa chumba cha baridi, lakini likikaribia moto linayeyuka. Nyuma ya tanuri jipya alichagua sufu ya mawe, isiyoshika moto, maana upande wa pili wa ukuta hulala Bibi yake, ambaye miguu ilishakataa kumbeba. Na sufu ya mawe huwasha mwili kama upupu.

"Fundi, ulinunua nini?"

"Ulichosema kwenye simu. Sufi. Washona magodoro nimewaachia maganda."

 Mnong'ono alisema sufu. Huyu amejaza sufi ya mito.

Ndani, kuni zilikuwa zinaalika tayari.

"Mjomba, zima."

"Eh? Sema na mimi, usiseme na kola yako."

"Zima tanuri."

"Wateja wako dirishani, unga umeumuka. Unga hausubiri aibu zako, mama."

Akamtazama Nyundo amsaidie. Nyundo alikuwa anakagua kucha zake. Ndipo Mnong'ono akabandua kishada cheupe kwenye ndevu za fundi, akakitupa mdomoni mwa tanuri. Kiliwaka na kuisha kabla hakijagusa kuni.

"Hiyo ndiyo iko nyuma ya kitanda cha Bibi," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka dirishani.

Mjomba alishika koleo, akaanza kuvuta kuni nje. Nyundo akakimbilia maji. Mnong'ono aliingia chumbani, akagusa ukuta. Vuguvugu. Akambeba Bibi mgongoni mpaka uani.

Walipobomoa, sufi ya upande wa tanuri ilikuwa imegeuka rangi ya chai.

"Iliyobaki nyeupe nijazieni mto," alisema Bibi. "Na wewe mjukuu wangu, mficha uchi hazai."

Mnong'ono akapiga simu duka la vifaa vya ujenzi, wateja wote wakimsikia.

"Sufu," alisema. "Sufu ya mawe. U, kama ukuta."