Godoro la Futi Mbili na Nusu

"Bei imeanguka, mama! Mapazia, makapeti, mito ya makochi, njoo ubebe!" Spika ilipiga kelele mlangoni kwa Yustus, pale Omurushaka, na ndani wanawake wawili walikuwa wanavutana kapeti moja. Nikuze aliwapita akaenda moja kwa moja kwenye magodoro. Alilibonyeza la futi mbili na nusu kwa ngumi, likarudi juu vizuri.

"Kaka Yustus, hili bei gani?"

"Sitini na tano. Hiyo ni ya punguzo."

"Nipe na risiti."

Yustus alicheka. "Ukitaka risiti ni themanini. Punguzo litoke wapi mama, mfukoni mwangu?"

Nikuze alikuwa na sabini tu, na humo humo nauli ya kurudi Kaisho. Jumatatu binti yake Umutesi alitakiwa kuripoti kidato cha tano, shule ya bweni, na fomu ilisema wazi kuwa asiye na godoro hapokelewi. Akalipa.

Ndipo hofu ikamwingia. Kilichomtisha si risiti yenyewe. Anayeulizwa risiti huulizwa jina, na akishataja jina huulizwa kitambulisho. Nikuze alizaliwa Kaisho, lakini baba yake alitoka ng'ambo ya mto wa mpakani, na huu ulikuwa mwaka wa sita anaambiwa uraia wake bado unahakikiwa. Mwaka jana jirani yao Hagenimana alipakiwa kwenye gari akitoka kuuza maharage. Mpaka leo yuko ng'ambo, mkewe anampata kwa simu tu.

"Nje hakuna watu?" aliuliza.

"Watu gani? Nenda mama, wateja wanasubiri."

Alijitwika godoro akatoka. Hatua chache mbele alisimama mkaguzi wa risiti, beji shingoni, macho kwenye simu, na askari pembeni yake. Angepita salama. Lakini mkaguzi aliinua uso, wakatazamana, na Nikuze amefundishwa tangu utoto kwamba mwanamke hamsalimii mkubwa akiwa wima. Alitua mzigo, akapiga magoti palepale vumbini.

"Shikamoo, bwana."

Mwenyeji angeitika na kuendelea na simu yake. Huyu alikuwa mgeni, amehamishiwa huku juzi juzi tu. Akashtuka.

"Mama, magoti ya nini? Umefanya nini wewe?"

"Nasalimia tu, bwana."

"Risiti ya hilo godoro iko wapi?"

Nikuze aligeukia dukani. Yustus alikuwa ameshatokea mlangoni, anatikisa kichwa kidogo kidogo. Akimtaja, Yustus atasema hamjui, na hapo itakuwa zamu ya Nikuze kujieleza yeye ni nani. Askari alikuwa ameshatoa daftari.

"Unaitwa nani, mama?"

"Si langu," Nikuze alisema.

"Nini si lako?"

"Godoro. Nilisaidia kulitoa nje tu."

"Ni la duka, afande!" Yustus alidakia, na kabla hajaulizwa alikuwa ameshalishika kamba analiburuta ndani. "Mama huyu anatusaidia kupanga mali."

Mkaguzi aliwatazama wote wawili. "Haya, inuka mama. Nenda zako."

"Asante, bwana. Asante sana."

Alishukuru kwa moyo wake wote, na aibu ya shukrani ile ilimchoma kuliko vumbi la magotini. Alivuka barabara akasimama, akisubiri waondoke akadai chake. Hawakuondoka. Yustus aliwatolea viti vya plastiki kivulini, akawaletea na soda. Kwenye saa saba alimwona mama mmoja wa kitenge cha kijani analibonyeza godoro lile, kisha anahesabu hela.

Gari la Kaisho lilikuwa linajaza. Konda alimfungulia buti.

"Mzigo uko wapi, mama?"

"Sina mzigo," Nikuze alisema, na kwa mara ya pili siku ile akalikana godoro la mwanawe.