Milango ya Makabati ya Mama

Harufu ya mdalasini ilinipokea barazani. Nikaangusha mfuko wa viazi, nikakimbilia ndani bila kuvua viatu. Mama karudi, nilijiambia. Wamemruhusu mapema, na kwa jinsi ninavyomjua, hata koti hajatundika, keshawasha oveni.

Jikoni nilimkuta mwanamke nisiyemjua, kavaa glavu za mama za kushikia sufuria, anatoa biskuti. Nyuma yake mume na mke walikuwa wakifungua milango ya makabati na kuifunga, kama wanunuzi wanaokagua meno ya ng'ombe mnadani.

"Karibu, mpenzi," alisema yule wa biskuti. "Chukua moja ingali moto. Nawe umekuja kuangalia nyumba?"

"Naishi humu," nikamjibu.

Madalali wa nyumba wa hapa Duluth huoka kitu kabla ya wateja kuingia, ili nyumba inukie kama ina mtu anayekungoja. Hila hiyo naijua tangu utotoni. Sikuwahi kuwaza kwamba siku moja itanikimbiza mimi, ndani ya nyumba yetu wenyewe, nikimwita mama.

Mama yangu, Lempi, alivunjika nyonga mwanzoni mwa Septemba, akapelekwa kwenye kituo cha mazoezi ya viungo upande wa pili wa mji. Mimi ndiye niliyekuwa nikiishi naye. Kaka yangu Arvid alikuja kutoka Minneapolis, akaketi jikoni na kuyatazama yale makabati ya mbao ya kahawia, yaliyonizidi umri, yenye utando wa mafuta usiosikia kitambaa.

"Tumfanyie mama kitu," alisema. "Arudi akute jiko jipya. Makabati mapya hatuyawezi, lakini rangi ni mikono tu. Ila usimwambie. Iwe zawadi."

Mikono yenyewe ikawa yangu. Kila nikitoka kazini nilifungua bawaba, nikaandika namba kwa penseli nyuma ya kila mlango, maana nyumba ikizeeka kila mlango huzoea tundu lake na haukubali la jirani. Niliisugua kwa sabuni kali, nikaipiga msasa mpaka vumbi likakaa kwenye kope, nikaipaka rangi ya msingi, nikangoja ikauke, nikaipiga msasa tena. Sebule nzima ilijaa milango iliyolala juu ya makopo, nami nikawa napita katikati yake kwa ncha za vidole.

Jumamosi Arvid alikuja na kahawa.

"Unapaka mlango au unajipaka mwenyewe?" alinicheka. "Nywele zote nyeupe, umeshakuwa bibi kizee."

"Njoo ushike brashi basi, bosi."

Hakushika. Ubishi wake aliutia kwenye rangi tu. Mimi nilitaka buluu, ile ya ziwa asubuhi ya baridi, ambayo mama huipenda hata kwenye soksi.

"Nyeupe," alisema. "Nyeupe haimkeri mtu."

"Mtu gani? Mwenye jiko si mama?"

"Aila, mdogo wangu, mara moja tu nisikilize."

Nikamsikiliza. Nilidhani hana jicho la rangi, basi.

Siku ile ya biskuti nilimpigia simu nikiwa nimesimama kando ya friji. "Arvid, jikoni kuna watu."

Hakuuliza watu gani. "Walisema watatoka kabla hujarudi," alisema.

Yule mke alikuwa akipitisha kiganja juu ya mlango. "Kazi safi," alimwambia mumewe. "Hawa walipata fundi."

Nikaingia garini, nikaenda kwa mama. Hasira niliyobeba ilikuwa ya watu wawili, yangu na yake. Nilitaka tuililie pamoja ile nyumba, kisha tumlaani Arvid pamoja, kwa sauti, wauguzi wasikie.

Alikuwa ameketi karibu na dirisha, mguu juu ya mto. Aliitazama mikono yangu.

"Imekauka vizuri?" aliuliza.

Aliulizia rangi. Ile zawadi ambayo nilijiuma ulimi kila siku nisiitaje mbele yake.

"Arvid kakwambia?"

"Mimi ndiye niliyemtuma auze, mwanangu. Zile ngazi za nyumbani siziwezi tena. Nyumba chafu haiuziki."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungejua, usingepaka."

Alilisema taratibu, bila ukali na bila aibu, kama mtu anayeeleza unga unavyoumuka.

"Na mimi niende wapi, mama?"

"Wewe miguu yako mizima." Akavuta blanketi lake. "Na milango? Inafunga?"

Alisema kweli. Ningejua, nisingepaka hata mmoja.

"Inafunga," nilisema. "Yote."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kutazama nje. Nami nikavuta kiti, nikaanza kukwangua rangi kwenye kucha, kidole baada ya kidole.