Nusu Yangu ya Meza

Kazi yangu ni kufuta meza katika ukumbi wa kuonana, hapa mpakani. Meza ni moja, ndefu, imepigwa mstari mwekundu katikati. Huwa naingia watu wakishatoka, nafuta hadi kwenye mstari. Nusu ya pili hufutwa na mwanamke wa kule. Miaka miwili sasa, hatujawahi kusalimiana.

Jumanne ilikuwa zamu ya mama. Vita vilimtenga na mjomba wangu wakiwa wadogo, nchi ikawa mbili, ikabaki mbili. Amengoja miaka thelathini na mmoja apewe dakika kumi. Asubuhi nilimkumbusha tena.

"Mama, usimwite ndugu. Kule ndugu ni cheo, huku neno hilo limepigwa marufuku. Sema kaka."

"Mtoto wewe! Unifundishe kumwita mtu niliyenyonya naye ziwa moja?"

"Sema kaka tu, mama."

"Kaka, kaka, kaka. Haya, kasuku wako yuko tayari."

Siku hiyo niliruhusiwa kusimama mlangoni. Mjomba aliingia na koti la kuazima, mikono ya koti imemeza vidole. Mama akainuka.

"Kaka," akasema, vilevile nilivyomfunza.

Askari wa kule akapiga kengele. Kumbe kwao kaka ndilo lililokatazwa, kwa sababu ni letu.

Mjomba akababaika. "Hajui, afande! Alitaka kusema ndugu. Huyu ni ndugu yangu!"

Askari wetu naye akapiga yake.

Kengele mbili zikilia, basi, kuonana kumekwisha. Hawakumaliza hata dakika moja. Mjomba alivutwa kwa kola, mama kwa mkono.

Askari wetu alikuwa akitafuna karanga. Akatema maganda mezani, akamwambia mwenzake wa kule, "Leo tutakula mapema, mzee." Wakacheka pamoja, mmoja huku, mmoja kule. Hao walielewana vizuri.

"Dada," askari wetu akaniita, "futa na hapa."

Dada wa nani? Nikafuta maganda yake, nikafuta na alama ya kiganja cha mama, mpaka kwenye mstari.

Nje nilimkuta mama kwenye benchi.

"Mwanangu, nilikosea?"

"Hukukosea, mama."

"Sasa nilipaswa kumwitaje?"

Nilikuwa bado nimeshika kile kitambaa. Kilinuka mate na karanga.