Sikio la Pili la Pipa

Santina alikuwa na pipa moja la mbao aliloachiwa na marehemu baba yake, Tarcisio, na humo alitengeneza divai nyeupe ya nanasi. Si ile ya kuvundika kwenye debe leo na kunywa kesho. Maji ya nanasi yalimiminwa yakiwa mabichi, yakachachukia humo humo kwenye mbao, na kila asubuhi mashapo yalikorogwa kwa fimbo mpaka divai ikawa nzito, yenye harufu ya mkate. Ndivyo walivyosema walioionja. Mimi ni Mwislamu. Kazi yangu ilikuwa kumenya nanasi, na kumenya si haramu.

Nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwao Mbuya, chini ya kilima cha jeshi. Ilikuwa miaka ile ya utawala wa askari. Maduka waliyoacha Wahindi yalikuwa na rafu tupu, chupa za Ulaya zimeadimika, na wakubwa bado walitaka divai kwenye harusi zao. Kwa hiyo pipa ndilo lililolisha nyumba. Mume wa Santina, Odur, alikuwa sajenti wa polisi. Baada ya mapinduzi watu wa kaskazini kama yeye walitolewa kazini, na wengine walitolewa duniani kabisa. Odur alinusurika. Alishinda barazani na viatu vyake vya kazi vinang'aa, na majirani bado walimwita Afande.

Sasa, Tarcisio alimfundisha binti yake hivi: pipa linalochachuka husikilizwa na watu wawili kwa wakati mmoja, mmoja kila upande. Upande mmoja ukichemka na mwingine umelala, unakoroga tena. Pande zote zikisema jambo moja, unaliacha. Odur hakuweza kazi hiyo. Sikio moja lilikufa kwenye mazoezi ya shabaha, la pili lilisikia makelele tu. Santina alinijaribu mimi.

"Unasikia nini, Mzee Sulaimani?"

"Mandazi yanakaangwa."

Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanirudisha kwenye nanasi.

Ndipo akaja Omolo, Mjaluo wa Kenya, fundi wa mashua kule Ggaba ziwani. Aliitwa kuziba nyufa. Akaziba kwa pamba na nta ya nyuki, akakaza pete za chuma, halafu akalaza sikio kwenye ubao kama afanyavyo kwenye mashua zake.

"Shemeji," akasema, "huku kunanong'ona."

Santina akainama upande wa pili. "Na huku pia."

Toka hapo Omolo alikuja kila asubuhi, ameleta samaki. Hawakugusana hata kidole. Pipa zima lilikuwa katikati yao. Lakini mtu akisikiliza kwa makini hufumba macho, na mdomo hulegea kidogo kama wa aliyelala. Odur alisimama mlangoni akizitazama nyuso mbili zimelala hivyo, moja huku, moja kule.

"Shemeji kwa undugu gani?" aliniuliza siku moja. "Mama yake na mama yangu walichota maji kisima kimoja?"

"Ni neno la heshima tu, Afande."

"Heshima gani ya kufumba macho mbele ya mke wa mtu?"

"Anasikiliza pipa."

"Na linamwambia nini ambacho mimi haliniambii?"

Hicho ndicho kilichomla. Angewakuta wameshikana, angejua la kufanya. Mara moja nilimwona peke yake, Santina yuko sokoni, amelikumbatia pipa, sikio amelibana kwenye ubao, jasho linamtiririka. Akainuka, akaona namtazama.

"Atamchukua, Mzee," akasema. "Si kwa nguvu. Atamwita kwa sauti ndogo ambayo mimi siisikii, na mwanamke ataenda."

Jumamosi Santina alikwenda Kyambogo kuchukua chupa tupu kwa mwalimu mmoja. Tundu la pipa lilifunikwa kitambaa tu, maana divai ilikuwa bado inachemka. Odur akatoka na kizibo cha mbao na nyundo.

"Afande, bado linapumua," nikamwambia.

"Basi lipumue kimya."

Akagonga mpaka kizibo kikazama. Ule mvumo wa tunduni ukakatika, akarudisha kitambaa juu yake. Omolo alipofika, Odur alikuwa amemzibia mlango.

"Divai imelala. Kazi yako imekwisha, ndugu yangu wa Ggaba."

"Mapema hivi?"

"Umenisikia."

Omolo akampa samaki, akaondoka polepole. Santina aliporudi, mumewe alimwambia fundi ana mashua ya kumaliza. "Haya," akasema Santina, na Odur akakaa jioni nzima akiipima hiyo "haya," kama ina huzuni au haina.

Jumapili mke na mume walikwenda misa kwanza, kukoroga kungefuata. Walikuwa ndio wanaingia uani, na Omolo yuko nyuma yao, maana fundi hakuamini pipa linyamaze mapema vile. Ghafla ikalia: paa! Kizibo kilipiga bati la jikoni ukadhani bunduki. Majirani wakalala chini. Divai ikaruka juu kama mfereji uliopasuka, ikamlowesha Odur na suti yake ya kanisani.

Askari wa kizuizi cha barabarani wakaja mbio, na Kiswahili chao cha kambini.

"Nani napiga bunduki hapa?"

"Hakuna bunduki, afande," Santina akasema, akaokota kizibo. "Ni hiki."

"Mbao napiga namna hii?" Mkubwa wao akamtazama Odur, akashuka kwa macho mpaka kwenye vile viatu vya kazi. "Wewe polisi ya zamani. Wewe natengeneza bomu. Nani nafunga hii kitu?"

Wakati ule mtu akiingizwa kwenye gari la askari, watu wake walianza kulia hapo hapo.

"Mimi," akasema Omolo. "Mimi ndiye fundi. Nilifunga jana, nikakosea."

Kofi likamyumbisha. Wakamshika mikono, wakaanza kumburuta. Odur angenyamaza tu, mambo yake yote yangekwisha siku ile ile. Lakini alimtazama mkewe, akamwona anamtazama Omolo, na safari hii pipa halikuwa katikati yao.

"Muongo huyo!" akapiga kelele. "Nilifunga mimi! Hata kosa langu unataka kulichukua, wewe? Liache! Ni langu!"

Askari wakasimama. "Kwa nini nafunga?"

Majirani wote walikuwa wameinua vichwa.

"Wivu, afande. Huyu huja kusikiliza pipa na mke wangu, nikataka asije tena."

Mkubwa akamtazama Omolo, akamtazama Santina, akaanza kucheka, kicheko kibaya kilichochukua muda kuisha.

"Mimi iko na bibi nyumbani, mbali. Kila siku nasimama kwa barabara hapa, najiuliza nani nasikiliza pipa yangu." Akamwachia Omolo. Wakajaza jerikeni mbili za divai iliyobaki, wakaenda zao.

Santina akachota maji kwenye beseni. Hakumwendea mumewe. Alimwosha Omolo shavu, taratibu, mpaka damu ya mdomoni ikakoma. Omolo akachukua kofia yake, akaondoka.

"Santina," Odur akaita. Alikuwa ameketi kwenye tope la divai, miguu imenyooshwa.

"Mpaka leo asubuhi sikuwahi kumtazama yule mtu," mkewe akasema. "Nilikuwa nasikiliza divai."

"Na sasa?"

"Sasa nimemwona."

Akainua beseni kwenda kumwaga maji, na badala ya kuzunguka, akaivuka miguu ya mumewe, jambo ambalo mwanamke wa kwao halifanyi kwa mume anayemheshimu. Odur hakuikunja.