Bi Mwajabu na Kitabu cha Pili

Hakuna mchele usio na chuya. Sasa hiki kitabu cha pili, kila mjukuu wake Nusaiba akimsomea, Bi Mwajabu hakung'ata chuya hata moja, na hilo ndilo lililomtia shaka.

Kile cha kwanza walikisoma wakicheka na kulia, uani kwao Temeke. Habari za mji ambao wakubwa wake wamepiga marufuku maswali: ukiuliza, hata bei ya mchicha, unapelekwa usikorudi. Humo akatokea bibi kizee, Mama Kibwe. Yeye haulizi, anatega vitendawili. Maana kitendawili, ukikitazama vizuri, si swali. Kwa vitendawili akamfundisha binti Tunu njia ya kutoroka. Bi Mwajabu alimpenda kizee yule kama ndugu wa tumbo moja.

Sehemu ya pili ilipofika kwenye meza za vitabu Kariakoo, Nusaiba akainunua mbio. Lakini macho ya bibi yalikuwa yameshapata mtoto wa jicho, na Jumatatu ndiyo siku ya kupasuliwa. Kusoma mwenyewe hawezi. Ikabidi auamini mdomo wa mjukuu. Na wa kumshika mkono huko hospitali ni huyo huyo.

Mdomo wenyewe ulikuwa ukisitasita. Mara kurasa zinafunuliwa kwa mpigo, fyaa! Mara Mama Kibwe anakula wali wa nazi, mara anacheka. Mji wa dhuluma namna ile, kizee wa watu ananenepa tu?

"Sikiliza hapa, bibi," Nusaiba alisema Jumamosi baada ya alasiri. "Mama Kibwe akamwambia mlinzi: Kitendawili! Kioo changu kina ukungu, na mvua haijanyesha."

Bi Mwajabu akaacha kumenya mbaazi.

"Jibu lake jicho langu hili. Nimekitunga mie, juzi, hapa hapa. Huyo mwandishi alikuwa kajibanza chooni kwetu?"

Nusaiba akainamia kitabu.

"Haya, na mie nitege. Kitendawili!"

"Tega."

"Mpishi wangu nyama huila jikoni, mie ananiletea mchuzi mtupu."

Jibu Nusaiba alilijua, ni yeye mwenyewe; akajitia kuokota maganda ya mbaazi.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua Kawe, bibi."

"Kawe sitaki, kuna upepo. Nipe huo wa kitabuni, kama ulivyoandikwa. Mke mwenzangu wewe, ikiwa hadithi tu unanificha, keshokutwa nimefungwa bandeji, daktari kakwambia jambo, mie utanambia lipi?"

Msichana machozi yakamlengalenga. "Mama Kibwe anakufa, bibi. Sura ya tatu. Nikasema, mtu anakwenda kupasuliwa, nimsomee kifo cha kizee mwenziwe?"

"Kumbe! Mie nilidhani umechana kurasa, unampelekea mvulana. Soma."

Nusaiba akarudi nyuma, akasoma. Walinzi walimkuta Mama Kibwe langoni. Akawategea kimoja kigumu, na wakati wanabishana jibu, Tunu akapenya. Kizee hakukimbia. Sauti ya Nusaiba ikakatika pale pale palipostahili kukatika, na Bi Mwajabu, aliyekuwa akilipima kila neno lake, safari hii hakuwa na la kupima. Akalia kwa kwikwi, akamlaani mwandishi na ukoo wake, akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Basi usinikodolee macho," akasema. "Tunu kabaki peke yake huko nje. Fungua ya nne."